Halali

Delyth wa halmashauri kaja na futi ya chuma,
mvua ya Swansea ingali mabegani.
Wapangaji saba, akaandika. Jiko moja.
King'ora cha moshi kimevishwa soksi,
ya Ieuan, aunguzaye mkate kila alfajiri.

Bwana Prosser nyuma yake, mpole ghafla.
Leseni? Ataiomba. Ameshaiomba. Fomu imo garini.

Kwangu, juu ya ngazi, futi ikagonga ukuta upesi.
"Kimepungua kwa kiganja. Hapa halali mtu."

Miaka miwili nimelala humo,
magoti yangu yanaujua ukuta ule kwa jina.
Sheria imekuja kunitetea,
imenipima,
imenikuta nimezidi.

Ijumaa natoka. Prosser anabaki na funguo.