Kunyooka

Toka Caiguna hadi Balladonia
barabara haina kona hata moja.
Kilomita mia na arubaini na sita
imelala kama uzi wa mwashi,
na mimi nimeiendesha nimepinda.

Mgongo huu umeingia chini ya masinki ya watu
miaka thelathini na minane.
Fundi bomba hastaafu,
huondoka na umbo la kazi.

Glenys, mke wangu, ameketi kushoto,
kavua viatu, kapandisha unyayo juu ya paja
karibu na pakiti ya karanga.
"Vuta pumzi toka nguzo hii hadi ile.
Ishushe toka ile hadi ya mbele yake."
Namwambia: kwa mwendo huu
nguzo zapita kabla pua haijapata habari.
"Basi punguza mwendo."
Miaka arubaini na moja ya ndoa
sijamshinda kwa hesabu.

Anasokota kiuno, mkono nyuma ya kiti,
mkanda ukimkata bega.
Kila akigeuka anakutana nacho:
kiti cha mtoto, kipya, bado kimo ndani ya nailoni.
Bronwyn hakutuita Perth.
Alituma picha ya mtoto, basi,
bila jina, bila neno.
Glenys anageukia upande wa pili.
Huko kuna dirisha, na vichaka vya rangi ya majivu.

Saa nane mchana akasema simama.
Akatandika mkeka kwenye changarawe
akalala chali, viganja juu, macho kafumba.
Huu ndio mkao wa maiti, aliwahi kunieleza,
mgumu kuliko yote.
Nikaegemea boneti nikafukuza nzi.

Lori la matela matatu likapiga breki
hata vumbi likatutangulia kufika.
Kijana akaruka na dumu la maji,
kilemba cha buluu, kandambili mguu mmoja.
"Amekufa?"
"Anapumzika."
"Hapa?"

Glenys akafumbua jicho moja.
"Wewe bila shaka wayajua haya."
"Mama, mimi najua gia kumi na nane.
Watu hudhani nilizaliwa nimekunja miguu."
Akashika kiuno. Toka Adelaide, alisema,
hajakisikia kikiwa chake.
Jina lake Lakhvinder, kwao Bendigo.
"Sasa hapo unafanyaje?"
"Hufanyi."

Akalitafakari jibu hilo kama mtu aliyeuziwa hewa.
Kisha akalala.
Kisha, kwa kuwa ni aibu kusimama peke yako
mbele ya watu waliolala,
nami nikalala.

Mwanzoni injini iliendelea kunguruma mifupani.
Ikatoka polepole:
magotini, nyongani,
mahali fulani kati ya mbavu nisipopajua jina.
Kokoto moja ilinichoma begani, nikaiacha.
Anga halikuwa na la kusema.
Nilipogeuza shingo nikaona chozi la Glenys.
Mtu akilia chali
machozi humwingia masikioni.
Sikumwambia kitu. Nilisogeza kidole kidogo
mpaka kikagusa chake.

Lakhvinder alikoroma dakika kumi na moja.
Aliamka kwa hofu, akacheka,
akatuachia mfuko wa dengu za kukaanga
na honi ndefu.

Nikarudi nyuma ya usukani.
Kioo kilikuwa kimeharibika:
badala ya barabara tuliyoiacha
kilinionyesha kiti cha mtoto.
Nikadhani Glenys kakigusa.
"Sijakigusa," alisema. "Umerefuka."

Nikanyoosha mkono nikirekebishe,
nikaurudisha.
Huko nyuma palikuwa na mstari tu.
Yeye akaanza kuichana ile nailoni,
taratibu, kwa kucha,
na mimi nikavuta pumzi hadi nguzo ya kwanza.