Paa la Murdo

Kaka yangu Murdo alistaafu posta mwezi wa pili,
mwezi wa tatu akanunua gari la paa la turubai,
la kijani, lililokuwa la daktari wa meno wa Inverness,
akalivusha kwa feri hadi kwetu Lewis,
kisiwa ambacho jua hukijia kama mkaguzi wa serikali:
bila taarifa, na halikai.

Mimi nina pikipiki. Miaka ishirini na sita
nimekipanda chuma hiki katika upepo wa ubavuni.
Najua maji yanapoanzia kuingia:
kwanza shingoni, kisha kiunoni, kisha buti la kushoto,
daima la kushoto, sijui lina dhambi gani.
Wengine huyavulia maji nguo.
Mimi huyavalia.

Siku Shangazi Kirsty alipotimiza tisini
tulitoka Stornoway saa nne asubuhi,
keki kwenye kiti cha mbele cha Murdo,
imefungwa mkanda kama abiria mwenye cheo,
paa limekunjwa, maana palikuwa na jua,
jua la upana wa leso.
"Njoo ukae nyuma," akasema, "uache kujitesa."
Nikateremsha kioo cha helmeti. Hilo ndilo lililokuwa jibu langu.

Ikatukuta nyikani, tumeshaipita Garynahine,
si mvua, si theluji, ni kitu cha katikati
kilichokosa malezi ya pande zote mbili.
Nilimwona akibonyeza swichi. Paa likainuka nusu,
likasimama kama mkono wa mwanafunzi
aliyesahau alichotaka kuuliza.
Akashuka, akalishindilia chini kwa bega,
akarudi ndani, akakanyaga mafuta.

Ana hoja, nakiri: ukienda kasi
maji huruka juu ya kioo, yakakukosa.
Maili mbili nilimfuata akiwa mkavu,
kofia yake ya sufi imetulia kichwani
huku mimi nikichapwa kifuani, mapajani,
barafu ikinigonga helmeti
kama choroko zinazomwagwa kwenye sinia.
Nilimwonea wivu. Nalisema hapa
kwa kuwa Murdo hasomi mashairi.

Kisha kondoo.
Kumi na saba, katikati ya barabara ya gari moja,
wamejilaza kwenye lami,
wala hawana shughuli yoyote huko Uig.
Murdo akasimama. Mbingu ikamkumbuka.

Maji yakajaa vishikio vya vikombe. Yakajaa viatu.
Akafungua mwavuli; upepo ukaupindua, ukauchukua moja kwa moja.
Akapiga honi. Kondoo mmoja akakojoa.
Akalitukana gari, akamtukana daktari wa meno,
akaitukana pensheni yake mwenyewe,
nami nikaelewa, injini ikinguruma kati ya magoti,
kwamba mimi nilikuwa nimelowa tu.
Yeye alikuwa amelowa na kusalitiwa.

Ningecheka. Nilijiandaa kucheka tangu mwezi wa tatu.
Lakini alikuwa amelala kifudifudi juu ya lile sanduku,
mgongo wake wa miaka sitini na sita ndio paa,
maji yakimtiririka masikioni,
kama alivyonilalia mimi, tukiwa wadogo,
siku fahali wa jirani alipovunja ua.

Nikavua koti langu. La mpira, la bei ya mshahara.
Tukaliviringisha kwenye sanduku, mikono ya koti
tukaifunga chini yake mara mbili,
tukawaendea kondoo kwa miguu, mimi na shati, yeye na soksi,
bila kuulizana nani alikuwa sahihi.

Shangazi Kirsty akatufungulia mlango.
Akamtazama Murdo. Akanitazama. Akalitazama koti
tulilolibeba wawili kama mgonjwa.
"Lile lango la chini," akasema, "mmelifunga?"

Tukageuka.
Nje, kiti cha dereva kilikuwa dimbwi,
na jua, bila haya, likiogelea humo.