Tundu la Mashariki

Kwanza, hii si mila.
Usije ukaandika daftarini kwamba Wagogo hufanya hivi.
Ni ya mama peke yake, Sechelela wa Mvumi,
aliyeianza mwaka ule kwelea kwelea walipomaliza uwele
na baba akaaga kwenda kutafuta kibarua kwenye mkonge,
akabaki kuwa jina.

Katika tembe letu, chumba cha mbuzi,
palikuwa na tundu lililoachwa na mti uliooza.
Jua likichomoza lilipenya humo, likatua ukuta wa pili:
duara dogo, jekundu,
kiini cha yai la kuku wa kienyeji.
Mama alilifuata kwa mkaa.
Alama leo, alama keshokutwa,
duara likisogea kusini, kusini tena,
kadiri kipupwe kilivyokaza kamba
na upepo kusaga vumbi mlangoni usiku kucha.
Kisha, mwezi wa sita ukielekea ukingoni,
likakoma.
Siku tatu, nne, palepale,
kama mgeni anayetafuta maneno ya kuaga.

“Linafikiri,” mama alisema.
Nasi, watoto wanne ndani ya khanga moja,
tuliogopa lisije likafikiri vibaya.

Asubuhi liliporudi upana wa punje ya uwele
ndipo alipowasha moto. Si kabla.
Majivu yalikuwa yamelala baridi tangu jana,
na mbuzi walitutazama kama watu waliokwisha kula.
Tuliweka viganja kwenye duara mmoja mmoja,
mdogo kwanza.
Halafu uji wa ukwaju, karanga za kusaga,
na kaa moja la moto, juu ya kigae,
kwa jirani yetu mama Mboza,
ambaye hakuwahi kuuliza sababu
wala kulikataa.

Vikope vilianza jicho la kushoto.
Kope ziligeukia ndani; akazing'oa kwa kibano, zikaota,
akazing'oa.
Hospitali walipozipindua, jicho lilikuwa limekwisha
kama sahani ya bati iliyosuguliwa kwa mchanga.
La kulia likafuata. Mama hakulia.
Alisema tu kwamba sasa atajua mvua kwa pua,
na wadeni wake kwa kikohozi.

Mwaka jana masika yalilala juu ya tembe, likaketi chini.
Kaka Yaledi akauza zabibu, akanunua bati na saruji.
Mama alikuwa na sharti moja.
Fundi Masinjila akacheka:
“Tundu? Mnamjengea nyoka mlango?”
“Nyoka naye ana macho,” mama akajibu,
na fundi akaacha tundu, upana wa ngumi,
akinung'unika mpaka jioni.

Sasa ni Juni ya kwanza ya ukuta huu.
Mweupe. Hauna alama hata moja,
hakuna ajuaye duara litakoma wapi.
Nyemo wa Yaledi, darasa la tatu,
amekuja na rula ya shule na kalamu ya risasi.
Mimi nimekuja kutoka mjini na koti zito
na aibu ya kukosa Juni sita.

Saa moja kasoro robo. Bibi na mjukuu wameshika zamu:
“Limesogea?”
“Bado, bibi.”
Jana hivyo. Juzi hivyo.
Moto haujawashwa, mikono yetu ina ganzi,
Yaledi ameanza kuzungumzia chai kwa sauti ya mtu mzima.

Leo mama amepapasa ukuta mwenyewe, akatulia.
“Limegeuka,” akasema.

Nyemo akapima. Akafuta rula kwa sketi, akapima tena.
Hakuna kitu. Mstari juu ya mstari.
Akanitazama mimi, mwenye koti, nimjibu.

Kiganja cha mama kilikuwa bado ukutani
na duara limemkalia mgongo wa mkono,
likiteremka polepole kwenye mishipa.

Nikamwambia Nyemo alete kibiriti.