Nafasi Kumi na Mbili

Jumanne haiwezekani: kwaya.
Alhamisi mazoezi, Jumamosi mechi,
na Jumapili Bryn Helyg wote wanaogesha kondoo.
Basi Jumatano, nikasema, saa moja jioni,
nikaizungushia wino mwekundu
kwenye kalenda ya bucha.

Klabu tano za bonde hili, nafasi kumi na mbili.
Nilipiga simu kama mdai.
Tegid akanijibu: “Eluned, sisi tuna sponji na ndoo ya maji.
Ndivyo tulivyotibiwa, na tupo.”
Tupo, ndiyo, nikamwambia,
ila wewe huwezi kugeuza shingo ukirudisha gari nyuma.
Kimya. Kikohozi.
“Haya. Niandikie wawili.”

Nerys wa ambulensi alifika na mvua yake.
Kwenye buti ya gari alikuwa na miili mitano ya plastiki
isiyo na miguu, midomo wazi.
Tukaipanga juu ya meza ya biliadi,
chini ya picha za timu za zamani,
marehemu na masharubu yao.

Wanaume wa kilo mia na ishirini walipiga magoti
wakionea haya midomo ile.
Gethin alibonyeza kifua akihesabu hadi thelathini
kwa Kiwelisi, kwa sauti ya mnadani;
kwa Kiingereza, alisema, mikono inapotea njia.

Kisha ikaja zamu ya shingo.
“Nani atalala?” Nerys akauliza.
Kila mtu akatazama viatu vyake.
Nikavua vyangu, nikalala mimi,
kwenye zulia lililokunywa bia miaka arobaini,
na aliyetumwa kunishika kichwa alikuwa Rhodri.

Rhodri, ambaye miaka minne iliyopita, kwenye tope,
alimshika Iestyn wangu makwapani
akamwambia tunachowaambia watoto wetu wote:
Inuka. Inuka, kijana, hujavunjika.
Tulikuwa watu sitini pembeni mwa uwanja.
Nami nilikuwa nikipiga kelele hiyo hiyo.

Viganja vyake ni vya mwashi; vinakwaruza.
Vilikaa masikioni mwangu, vikazima chumba kizima,
nikasikia damu tu, sijui yangu au yake.
“Usimwambie ainuke,” Nerys akasema.
“Mwambie jina lako. Mwambie huondoki.”

Alimeza mate mara mbili.
“Mimi ni Rhodri,” akasema,
kana kwamba hatukusoma darasa moja.
“Siondoki.”
Na kweli hakuondoka. Dakika ilipita, ikafuata nyingine,
Nerys akasahau saa au akajifanya kasahau,
birika likachemka jikoni hadi likajizima.

Nje honi ikalia, mbili fupi:
Iestyn, amekuja kunichukua
na gari lile analoliendesha kwa mikono mitupu.
Mtu akaenda dirishani kumpungia.

Mwambieni asubiri, nikasema, nikitazama dari.
Bado sijaruhusiwa kuinuka.