Rimoti ya Mkono wa Shoto

Dukani kwa Swabri, Langoni,
runinga ishirini na moja zinaonyesha ua lile lile,
tone lile lile la umande likidondoka
kwa bei mbalimbali.

"Hii inchi hamsini na tano," anasema.
"Ukitazama mpira, utataka kumfuta kipa jasho."
Natazama. Kweli, utataka.
Lakini mfukoni nimekuja na uzi wenye fundo,
kipimo cha ukuta kati ya zidaka na dirisha,
na ukuta wetu haujui mpira.

"Nipe rimoti," nikamwambia.
"Ya ipi?"
"Zote."

Akazitandaza juu ya kaunta kama apangaye karata.
Nikauficha mkono wa kulia ndani ya buibui,
nikafumba macho,
nikazishika moja moja kwa shoto.

Baba alidarizi kofia miaka arubaini.
Vijitundu vyake, chembe ya ufuta haipiti.
Tangu Rajabu, kiharusi kilipomlaza upande,
mkono ule umelala na sindano yake.
Kimebaki kidole gumba cha shoto,
nacho hutii siku kikipenda.
Shoto, mkono aliotuchapa tukila nao,
ndio umlishao sasa.
Akitafuna, hutazama kando.

Ya kwanza nyembamba kama biskuti, ikaniponyoka.
Ya pili ina vitufe arubaini na nane,
vidogo kama choroko. Nikabonyeza kimoja,
runinga ikaanza kusema Kituruki
na Swabri mwenyewe akashindwa kuirudisha.

Ya tatu haina kitufe ila kimoja.
"Huyu unaongea naye tu, dada. Mwambie utakacho."
Nikamwambia kwa ulimi wa baba, ulimi wa sasa:
"Aari."
Runinga ikawaza, kiduara kikazunguka,
ikaniletea gari. Jekundu. Linauzwa.
Swabri akacheka.
"Sema vizuri basi."
"Ndivyo anavyosema vizuri."
Akaacha kucheka, akapangusa kioo
kilichokuwa safi.

Ya nne ilikuwa nyuma ya feni, na vumbi lake.
Nene, kipande cha sabuni ya mche,
inatulia kiganjani, haiendi popote.
Kwenye tano pana kitone kimeinuka
kama fundo la uzi upande wa ndani wa kofia,
pale ambapo mvaaji haoni
na mshonaji hakosei.
Gumba langu likafika hapo, likajua njia.

"Hiyo?" Swabri akasema. "Hiyo ni ya inchi thelathini na mbili.
Intaneti yake inakwenda kwa magoti."
"Hata sisi nyumbani."
Akapunguza elfu mbili, akatia betri za bure,
hakuniangalia usoni.

Hamali aliuliza kila kona, mbona nyepesi.
Kakangu Athmani, kwa simu, kutoka Mombasa:
"Umenunua redio yenye dirisha."
Mama hakusema kitu. Alitoa lastiki ya sarawili kuukuu,
akashona mfuko ubavuni mwa mto,
rimoti isidondoke usiku.

Miezi saba tunamwamulia.
Feni iwake, feni izimwe, ageuzwe, uji umetosha,
wageni waingie, wageni wamekwenda.
Tunamuuliza, kisha tunajijibu.

Jana, baada ya isha, tumejaa mkekani,
tamthilia imefika penyewe:
msichana ameishika barua, ameanza kuichana pembe,

tik.

Giza kiooni.
"Umeme!" akasema mama. Lakini taa inawaka.
Tukageuka. Gumba liko juu ya kitufe chekundu,
limekaza, linatetemeka kidogo.
"Baba! Barua!" mdogo wangu Zuwena akalia.
"Japo tujue imetoka kwa nani!"

Akatutazama mmoja mmoja,
kisha kioo kile cheusi, na sisi sita ndani yake
na yeye wa saba, juu ya mto.
Hakuwasha.

Zuwena alinuna mpaka mlangoni.
Tukakunja mkeka.