Kilo Saba

Mizani ya jikoni, ile ya unga, haidanganyi:
kompyuta, kilo tatu na robo;
chaja yake, nzito kama kufuli la ghala, nusu;
begi lenyewe, tupu, limekwisha kula moja.
Shirika linaniruhusu saba.
Zinabaki mbili na robo za kuwa bibi.

Ndege za kwenda Vilnius ni mbili.
Moja inaondoka hapa hapa Tbilisi, saa nne asubuhi,
mtu ameshakunywa chai na kufunga gesi,
na bei yake ni mapato yangu ya wiki nzima.
Ya pili ni bei ya viatu,
ila inaruka kutoka Kutaisi alfajiri,
na Kutaisi ni mwendo wa saa nne, Februari hii,
kisha usiku kucha kwenye kiti cha chuma
nimelikumbatia begi kama mtoto wa kuazima.

Nikachora jedwali. Kushoto fedha, kulia mgongo wangu.
Nikajumlisha nauli ya basi, kahawa, kiti cha dirishani
(kiti nacho kinauzwa, kana kwamba ningeruka nimesimama).

Lasha wa ghorofa ya tatu akachungulia hesabu zangu.
"Mama Tsiuri, shida si ndege. Shida ni hilo tofali."
Yake ni nyembamba kama sinia,
na programu yake ya kutafsiri haina kwao:
inaishi mawinguni, unailipia kila mwezi kama chumba.
Yangu niliinunua mara moja, mwaka Maka alipoanza shule.
Haijanidai senti tangu hapo.
Haijajifunza kitu pia.
Nayo haikubali kufunguka kwenye mashine nyingine;
wamezeeka pamoja, ukimhamisha mmoja umewaua wote.

Tukajaribu kuihamisha faharasa,
maneno elfu kumi na nne ya dawa na maradhi,
miaka ishirini na mmoja ya mkate wangu.
Mara ya kwanza herufi zetu zote, thelathini na tatu,
ziligeuka alama za kuuliza.
Ukurasa mzima ukawa unanihoji.
Mara ya pili Lasha akapatia: maneno yakafika, yote.
Vidokezo vya pembeni havikufika.

Kwenye *kongosho* niliwahi kuandika: Otari anakataa, mpigie.
Kwenye *degedege*: Otari ameshinda, nimemnunulia divai.
Kwenye *kukata roho* hakuna neno, kuna tarehe tu.

"Hivyo si data," akasema Lasha,
kwa upole wa mtu ambaye hajazika.

Rahisi ni ghali, tumeambiwa tangu utotoni.
Na ghali, je? Ghali nayo ni nini?
Hapo wahenga walikuwa wameshakwenda kulala.

Niliporudi kwenye tiketi, saa sita na nusu usiku,
bei ya viatu ilikuwa imekuwa bei ya koti.
Muda wote nikipima,
kuna mahali nilikuwa napimwa.

Nikanunua. Ile ile ya Kutaisi.
Na juu yake nikalipia begi la tumboni mwa ndege,
maana mchuzi wa tkemali, chupa tatu, ni kimiminika,
na mlinzi wa pale langoni hana haja ya kujua
kwamba Maka, mimba ya miezi minane,
alinililia kwenye simu kwa ajili ya squashi ya plamu mbichi
ambayo Vilnius nzima haina.
Nilipopiga mstari chini ya jedwali
nilikuwa nimeokoa lari kumi na tisa,
na kupoteza usiku mmoja ambao bado sijaulala.

Maneno matupu nimempa Lasha ayatundike huko juu kwake.
Nimelipa mwezi mmoja. Nitaona.
Tofali litasafiri mapajani mwangu, feni ikikoroma,
na atakayeuliza mna nini humu
nitamjibu kilo tatu na robo.

Mizani nimeirudisha kwenye unga.