Mlango wa Kushoto

Uusikaupunki, Januari, baridi hasi ishirini na sita.
Usiku kucha gari langu limelala na waya puani,
limechomekwa kwenye umeme wa ukuta
kama wagonjwa wangu wa wodi ya nne.
Mimi ni nesi. Najua namna ya kuamsha wazee:
huwavuti. Unawaita kwa jina, unangoja.

Mara ya kwanza, kikohozi.
Mara ya pili, tusi.
Mara ya tatu linanguruma, theluji inaporomoka paani,
na jirani yangu Taisto anasogeza pazia
kuona kama leo nimeshindwa.

Taisto ana gari jipya. Halina mlio.
Linamsalimu, linamkumbusha mkanda,
linamwambia amechoka, apumzike, anywe kahawa.
"Vuokko, hilo kweche litakuua."
Kipya kinyemi, namjibu,
na kidonda chake ni mkopo wa miezi sabini na miwili.

Lakini sisemi kwamba cha kale ni dhahabu.
Cha kale ni bati, na bati huliwa.
Huku barabara hutiwa chumvi tangu Novemba
na mpishi aliyegombana na mumewe,
na kutu haina likizo.
Fundi Heimo ameshatia viraka saba chini ya sakafu.
Pa nane alipagusa kwa bisibisi,
ikazama hadi mpini.
Hakusema kitu. Aliifuta kwenye suruali
taratibu, kama daktari anayetafuta maneno.

Radieta, euro mia moja themanini.
Pampu ya maji. Ekzosi, mara mbili.
Mwaka juzi nilijumlisha yote kwenye daftari la kijani,
nikalitazama jibu,
nikaenda kuosha vyombo.

Kuna usiku mwizi alivunja kioo kidogo cha nyuma.
Alipapasa usukani wote akitafuta pa kutia ufunguo,
asijue kwamba kwenye gari hili
ufunguo huingia katikati ya viti, kando ya breki ya mkono.
Aliondoka mikono mitupu. Aliacha glovu moja,
ya sufu, iliyofumwa vizuri.
Ninayo bado. Huitumia kufuta ukungu.

Na kuna asubuhi halikuitika kabisa.
Taisto alikuja na kamba, hakucheka,
na tukapita mbele ya kanisa, mbele ya duka la mikate,
gari lisilo na mlio likivuta gari lisilo na uhai,
nami ndani nimeshika usukani kwa mikono miwili
nikijifanya naendesha.

Baba yangu, Oiva, alifanya kazi kiwandani pale ng'ambo ya reli
walikoyaunda magari haya.
Miaka kumi na tisa, upande wa kushoto, milango.
Alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo
yalihusu bawaba.
Mlango mzuri, alisema, hutoa sauti moja tu.
Gari hili alilinunua mwaka themanini na tisa,
akaufungua mlango wa dereva, akaufunga.
"Huu niliufunga mimi."
Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilimwamini
kama ninavyoiamini thamomita.

Oktoba iliyopita dirisha lilikwama.
Heimo alibandua gamba la ndani la mlango huo,
na pale kwenye chuma, kwa penseli,
palikuwa na tarehe, na jina la aliyeufunga:
Reino.

Heimo alinitazama. Alimjua baba.
Mvua ilikuwa inagonga bati la gereji.
"Nipafute?" akauliza.
Nikamwambia arudishe gamba, akaze skrubu zote.

Machi kuna ukaguzi. Kile kiraka cha nane
huenda kikatumaliza.
Leo zamu yangu inaanza saa kumi na mbili na nusu;
naingia, nauvuta mlango wa kushoto.

Sauti moja tu.
Awe nani aliyeufunga.